Kigingi cha Mjomba Katika Tingatinga la Mvuke

Mtu wa kwetu Matondoni akiona tone la maji mahali pasipopaswa kuwa na maji, mkono wake humtangulia. Hulifuta kwa kidole gumba, huangalia limetoka wapi, kisha hutafuta pamba na mafuta ya papa. Hatufundishwi haya. Kijiji chetu huunda na kutengeneza vyombo vya baharini, na mtoto hujua kuziba nyufa za chombo kabla hajajua kusoma. Ninayataja haya mapema kwa sababu nataka msomaji anihurumie kidogo nitakapofika mahali ambapo nilikaribia kuwaua jamaa zangu, nusu ya shahada ya uhandisi ikiwa tayari kichwani mwangu.

Ilikuwa mapema katika miaka ya sitini. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi, nikisomea mitambo, na nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo ndefu. Nilikuja na suruali mbili za kupigwa pasi na rula ya kukokotolea hesabu, ambayo niliichomeka katika mfuko wa shati hata nilipokwenda kisimani. Hakuna hesabu kisimani. Lakini palikuwa na watu.

Hatua mia moja hivi kutoka mahali mjomba wangu alipoundia majahazi, tingatinga la mvuke lilisimama juu ya mchanga. Aliyelileta alikuwa mzungu mmoja aliyetaka kupasua mikoko kwa msumeno wa mashine. Boriti za mkoko huuzwa nzima. Ama hakuna aliyemwambia, ama aliambiwa na hakusikia. Miaka sita saba kabla ya likizo yangu alifunga mizigo akaenda zake, akaacha vitu viwili, tingatinga na dereva wake.

Dereva alikuwa mtu wa bara, Mkristo, makamo, mwenye mikono yenye makovu madogo ya moto hadi viwikoni. Kabla ya kuajiriwa na mzungu alikuwa akichochea moto katika garimoshi. Alijenga kibanda kando ya mashine akaishi kwa kuchomelea nanga na kutengeneza taa za karabai. Kila Jumapili alitembea hadi mjini Amu, yaani Lamu, kusali, na kila Jumatatu alilipaka tingatinga mafuta ya papa kuanzia dohani mpaka magurudumuni, kwa hiyo upepo wa kusi ukivuma kijiji kizima kilijua kuwa ni Jumatatu. Mara moja kwa mwaka aliliwasha, akaliacha lizunguke kwa muda wa sigara mbili, akalizima. Watu walimwona kama mtu aliyefiwa.

Mimi nilimwona kama zawadi. Chuoni tulichora mashine za mvuke ubaoni kwa chaki, na hapa palikuwa na moja ambayo ningeweza kuigusa. Nilikwenda kila asubuhi. Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba tingatinga la namna ile halina fremu. Gari la siku hizi lina mifupa yake, na injini hupachikwa juu ya mifupa. Lile, pipa la maji ndilo mifupa. Silinda imekaa mgongoni mwa pipa, ekseli zimefungwa tumboni mwake, dereva anasimama mkiani. Nyuma kuna sanduku la moto, na moto hupita ndani ya mabomba membamba yaliyozama majini, hutokea mbele, hupanda dohani. Mvuke huingia silinda, husukuma pistoni mbele kisha nyuma, mkono wa chuma hugeuza mhimili, mhimili hugeuza gurudumu zito la pembeni, na kutoka hapo gia hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma au, ukipenda, kwenye roda kubwa ya kuzungushia kamba.

Jioni nilimweleza mjomba haya yote kana kwamba nimeyabuni mimi. Nikamwambia pia jambo nililolisoma, kwamba baadhi ya matingatinga ya mwanzo kabisa hayakuwa na usukani. Alifungwa farasi mbele yake, si kuvuta, bali kuligeuza kulia na kushoto, huku mashine ikimsukuma kwa nyuma.

Mjomba aliweka chini tezo yake ya kuchongea mbao. Alikuwa mtu mfupi, fundi mkuu wa upande wetu wa kijiji, na hakuwa na desturi ya kuacha kazi kwa ajili ya maneno. "Yaani farasi alikuwa akionyesha ndia tu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi huyo si farasi. Huyo ni mheshimiwa."

Siku hizo alikuwa anamalizia jahazi kubwa kuliko yote aliyowahi kuunda, la mfanyabiashara mmoja wa Kizingitini. Lilibaki jambo moja, kulishua. Na hapo ndipo penye kisa.

Kwetu, fundi akimaliza chombo, hapiti nyumba kwa nyumba kuomba msaada. Husimama barazani nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, husema "Kesho, inshallah," na huondoka. Kesho yake wanaume wote huja, hushika kamba, huvuta kwa wimbo, na chombo huingia majini. Kisha hula pilau kwa mwenye kazi. Ndivyo ilivyo, na haina mjadala.

Lakini miezi miwili kabla, pale pale barazani, mjomba alikuwa amemwambia fundi wa upande wa pili wa kijiji, mbele ya watu, kuhusu jahazi aliloshua: "Chombo chako hakihitaji nanga, Bwana. Kiache tu. Kitakwenda tini chenyewe." Tini kwetu ni chini, na watu walicheka. Yule fundi hakucheka, na nusu ya kijiji ni jamaa zake. Tangu siku hiyo mjomba alijua kuwa akisimama kusema "Kesho, inshallah," watakaokuja ni wazee watatu na mimi.

"Nitalishua bila mkono wa mtu," aliniambia. Akatazama kule kwenye dohani. "Mashine yako ile yaweza kuvuta?"

Niseme ukweli, nilipaswa kusema sijui. Nilitoa rula.

Dereva alikubali kwa haraka ambayo sikuitarajia. Kwa miaka alikuwa akipaka mafuta kitu ambacho hakuna aliyekihitaji, na sasa fundi mkuu amekuja mwenyewe na kahawa. Akapanga kazi. Nanga nzito ingezikwa mchangani maji yakipwa, gofia, yaani kapi ya kupitishia kamba, ingefungwa kwenye nanga, na kamba ingetoka kwenye tingatinga, ipite gofiani, irudi hadi kwenye jahazi. Mashine ikivuta huku, jahazi litakwenda kule, baharini. Alitaka vitu viwili tu, kuni za mkoko zilizokauka na maji ya mvua. Maji ya visima vyetu yana chumvi, alisema, na chumvi katika boila, lile pipa la maji, hutoa povu na huziba kioo cha kupimia maji.

Kuni zilipatikana. Maji ya mvua yalikuwa katika birika kubwa la kukingia mvua la mkaza mjomba, mke wa mjomba, na alilisimamia kama hazina.

"Mai ya mvua ya wanangu kunywa niyape chuma?" alisema. "Nacho chuma kikimaliza kitasema alhamdulillahi?"

Tukatumia maji ya kisima.

Jumapili dereva alikwenda mjini kusali na kutafuta mafuta ya silinda. Mjomba na mimi tulibaki kusafisha. Tuliijaza boila maji, nami nikatambaa ndani ya sanduku la moto na taa ya kandili kutazama kama pana mahali panapovuja. Palikuwa na giza na masizi, na nilijiona mhandisi kamili. Juu kabisa, kwenye dari la chuma ambalo upande wake wa pili ni maji, niliona kizibo cha shaba kama kokwa ya embe, na katikati yake duara la kijivu. Kando ya lile duara lilining'inia tone. Lilidondoka puani mwangu. Likafuata lingine.

"Mjomba," niliita, "yavuja huku!"

Aliingia. Tulilala chali, bega kwa bega, kama watoto chini ya kitanda. Akalifuta tone kwa kidole gumba. Akakwaruza ile kijivu kwa ukucha.

"Risasi," alisema. "Nani azibae chombo kwa risasi? Laini kama halua. Imekwisha hii." Akalitazama lile dari lote kwa muda, kwa jicho la fundi. "Wajua, hiki ni chombo kilichopinduliwa. Cha kwetu, mai yako nde nasi tuko ndani. Hiki, mai yako ndani, moto uko nde. Lakini tundu ni tundu."

Tukayamwaga maji ya boila, naye akatuma aletewe keke yake. Alitoboa risasi yote ikatoka, akachonga kigingi cha chuma kwa tupa mpaka kikawa chembamba kwa mbele na kinene kwa nyuma, akakizungushia nyuzi za pamba zenye mafuta, akakigongomea ndani kwa nyundo. Tulipojaza maji tena, tone halikurudi. Nikapitisha kidole. Pakavu.

"Hiyo sasa ni kazi, mjomba," nilisema.

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuandika. Nilikuwa nimefanya mtihani wa mvuke na kupita vizuri. Niliweza kukuambia nguvu iliyomo katika ratili ya mvuke kwa joto lolote unalotaka. Kile kizibo hakikuwamo katika mtihani. Dereva aliporudi jioni hatukumwambia, si kwa kumficha, bali kwa sababu fundi hamsimulii mtu kila msumari alioupiga.

Bamvua la kwetu hujaa alasiri. Jumanne ilikuwa siku ya maji makubwa. Dereva aliwasha moto asubuhi, na hadi adhuhuri kijiji kizima kilikuwa pwani, kila mtu akisema anapita tu. Yule fundi wa upande wa pili alikuja na kaka zake, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akakunja mikono. Mjomba alivaa kanzu safi. Mwenye jahazi, aliyefika kutoka Kizingitini, alizunguka jahazi lake akiligusagusa. Ubani ulikuwa ukifuka kwenye chetezo.

Mimi nilisimama na dereva mkiani mwa tingatinga. Sindano ya geji ilikuwa inapanda polepole. Ndani ya pipa palikuwa na mngurumo mdogo, kama paka. Dereva alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya afundishe.

"Sasa, Bwana mwanachuo," alisema, "nikuonyeshe mahali penye akili. Kioo hiki cha maji kinaweza kuziba, kikakuonyesha maji ya jana. Geji inaweza kusema uongo. Mimi mwenyewe naweza kusinzia. Lakini ndani kule, juu ya moto, kuna kizibo cha shaba, na katikati wametia risasi. Maji yakiwa juu yake, inapoa. Maji yakishuka, hakuna cha kuipoza. Inayeyuka. Tundu linafunguka, mvuke unashuka ndani, unazima moto. Huyo ndiye askari wangu. Hali, halali, hadai mshahara."

"Na asipokuwepo?" niliuliza.

"Asipokuwepo, dari linaiva kama chapati, linapasuka. Niliona moja huko bara. Boila iliruka kutoka njiani ikaanguka shambani. Watu tuliwaokota kwa karai."

Nilitazama pwani. Watoto walikuwa wamekaa kivulini mwa magurudumu ya mbele, kwa sababu palikuwa na joto na kivuli kile kilikuwa kizuri. Mjomba alikuwa akizungumza na mwenye jahazi, kidevu juu. Nilijua kabisa kile nilichopaswa kusema, na nilijua pia kuwa nikikisema, maji makubwa ya Jumanne yatapita, na mjomba atabaki na jahazi mchangani mbele ya watu wale wale aliotaka kuwaonyesha. Nikafanya kile ambacho wasomi hufanya. Niliuliza swali la mfano.

"Tuseme," nilisema, "kwa mfano tu, mahali pa risasi pangekuwa na chuma."

Dereva aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa. Kisha akaacha kufuta.

"Kwa mfano wa nani?"

"Wa mjomba," nilisema. "Na wangu."

Hakupiga kelele. Alinitazama mara moja tu, akachukua reki ya chuma, akafungua mlango wa moto, akaanza kuvuta kuni zinazowaka nje, mafungu kwa mafungu, mchangani. "Ondoa watoto," alisema. Niliwaondoa. Nilipogeuka, mjomba alikuwa anakuja mbio, pindo la kanzu mkononi.

"Wafanya nini wee?"

"Nazima."

"Mai yajaa!"

"Yajae."

"Bwana Dereva, yeo ndiyo siku!"

"Fundi," dereva alisema bila kuacha kazi, "umeziba tundu langu."

Mjomba alinitazama, akarudisha macho kwake. "Lilikuwa likivuja."

"Likivuja unaniita, namwaga risasi mpya. Huzibi. Lile limetobolewa kwa makusudi."

"Nani huyo," mjomba alisema, na hakuwa anatania, alitaka kujua, "nani huyo atoboae chombo chake kwa makusudi?"

Moshi wa kuni zilizomwagiwa mchanga ulipita katikati yetu. Kutoka kwenye mtumbwi uliopinduliwa ilikuja sauti, taratibu, ya mtu aliyeisubiri nafasi yake miezi miwili: "Fundi! Na hiyo yako, yahitaji nanga?"

Pwani nzima ilicheka. Mwenye jahazi naye alicheka, kisha akakumbuka jahazi ni lake. Mjomba alilishusha pindo la kanzu yake, akafunga vifungo vyote, akaenda nyumbani. Saa moja baadaye maji yalifika pale yalipotakiwa kufika, yakagusa mkuku chini ya jahazi, yakarudi.

Bado palikuwa na Jumatano. Maji ya siku ya pili huwa karibu sawa na ya kwanza, ila ya tatu huanza kupungua, na baada ya hapo ingebidi kungoja nusu mwezi. Dereva alisema anaweza kuking'oa kile kizibo usiku huo huo na kukimwagia risasi upya. Tatizo, hakuwa na risasi. Kijijini kwetu risasi iko mahali pamoja tu, kwenye mishipi ya kuvulia, ambako huitwa chubwi na kazi yake ni kuzamisha ndoana. Wavuvi wengi walitumia mawe. Mwenye machubwi makubwa ya risasi, kila mtu alijua, alikuwa ni yule fundi wa upande wa pili, ambaye alipenda kuvua samaki wa kilindini.

Mjomba alikaa barazani kwake mpaka adhana ya magharibi. Baada ya sala aliniambia, "Simama, mpwa wangu. Wewe ndiwe uliyesema hiyo sasa ni kazi. Twende."

Tulimkuta mlangoni kwake akipanga mishipi. Walisalimiana kwa ukamilifu, wakaulizana habari za watoto, za nyumba, za afya, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa kila kitu. Kisha mjomba akasema anahitaji chubwi moja.

"Chubwi?" Yule fundi alishika moja, akaipima mkononi. "Lakini vitu vyangu huzama, Bwana. Mwenyewe ulisema."

Mjomba aliitazama ile chubwi.

"Ulisema wapi vile?" aliuliza yule. "Nimesahau."

"Barazani."

"Wakati gani?"

"Baada ya alasiri."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi," alisema yule fundi, akaiweka chubwi chini kwenye mkeka, katikati yao, "mimi nakupa sasa, kwa sababu mwanachuo wako ana uso wa mtu anayetaka kulia. Lakini neno lako uende ukaliokote pale ulipoliangusha."

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, si alasiri, maana alasiri tungekuwa na kazi, mjomba alisimama barazani. Alisema jahazi la fulani aliliona majini na alilikagua, kwamba li sawa, mbao zake zimekaa, na kwamba alichokisema siku ile kilitoka mdomoni hakikutoka katika ufundi. Wengine walijifanya wanatafuta viatu. Mimi nilijua kuwa mimi ndiye niliyepaswa kusimama pale.

Dereva alikuwa ameyeyusha ile chubwi katika kijiko cha chuma na kuimimina. Kizibo kikarudi mahali pake, cha kijivu katikati, kinang'aa kama sarafu. Kigingi cha mjomba dereva alinipa mimi, nikakitia mfukoni pamoja na rula.

Alasiri, mvuke ulikuwa tayari. Dereva alishika mpini wa mvuke kwa mkono mmoja na breki ya roda kwa mwingine. Mimi nilipewa kazi moja. Chini ya kioo cha maji kuna bomba dogo lenye mlango wake. Kila baada ya dakika chache nilipaswa kulifungua, maji yaruke nje, nilifunge, nione kama maji ndani ya kioo yanarudi upesi. Yakichelewa, kioo kimeziba. Kazi ya mtoto wa shule, na hakuna mtoto wa shule ambaye angeikosea.

Dereva alivuta mpini. Pistoni ilisita, ikasukuma, gurudumu kubwa likaanza kugeuka, dohani ikapiga kohozi kisha pumzi ndefu, fu, fu, fu. Kamba ilinyooka hadi ikatoa maji. Na jahazi, ambalo wanaume themanini wangelihangaikia, lilitoa mlio mmoja mrefu kutoka kwenye magogo yaliyolibeba, likaondoka. Hatua moja. Hatua tatu. Watu walisimama. Mjomba aliweka mkono kichwani. Mimi, Mungu anisamehe, nilitoa rula na kuanza kukokotoa nguvu ya mvuto, kwa sauti, ili wanaonizunguka wasikie. Bila kulifungua lile bomba dogo, nilitupia kioo jicho. Maji yalikuwa nusu. Nusu kamili, tuli, kama yalivyokuwa robo saa kabla. Ndivyo chumvi ya kisima ilivyoonyesha.

Jahazi lilikuwa limeingiza omo, sehemu yake ya mbele, majini, karibu theluthi ya urefu wake, pale kitu kilipopasuka ndani ya sanduku la moto. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu amemwaga ndoo ya maji kwenye kikaango kikubwa. Mlango wa moto ulitapika wingu jeupe, majivu yakaturukia hadi magotini, na watu wote walikimbia kwa pamoja, hata aliyekuja kwa mkongojo. Gurudumu kubwa likazunguka mara chache kwa nguvu zake lenyewe, likapunguza, likasimama.

Wingu lilipoondoka tulikuwa wazima sote. Dereva alikuwa bado ameshika breki. Alinyoosha mkono akafungua lile bomba dogo chini ya kioo. Halikutoa kitu. Aliangalia mkono wangu wenye rula.

"Askari mmoja alilala," alisema. "Mshukuru mwenzako."

Nilitia mkono mfukoni nikakishika kile kigingi. Kilikuwa kizima, kigumu, kimechongwa vizuri sana. Kingevumilia mpaka mwisho.

Jahazi lilikuwa limekwama, omo majini na tezi mchangani, na maji yalikuwa yamebakiza kitambo kidogo kabla ya kuanza kupwa. Mjomba hakuangalia jahazi. Alitazama ndani ya sanduku la moto, juu, pale palipokuwa pakidondoka maji kwa uhuru wote. Nadhani alikuwa anajifunza kitu na hakutaka kusumbuliwa. Yule fundi wa upande wa pili alishuka kutoka kwenye mtumbwi wake, akajikung'uta mchanga, akaja akachungulia naye.

"Ndiyo chubwi yangu hiyo?"

"Ndiyo," alisema mjomba.

"Imeyeyuka yote?"

"Yote."

"Basi nina haki ya kuona imefia nini." Akaenda akaifungua kamba kwenye roda, akaiweka begani, akawapigia kaka zake mluzi. Walikuja. Baada yao wakaja wengine, na mtu mmoja akaanzisha wimbo, kwa sababu kamba ikishikwa na watu zaidi ya kumi kwetu haiwezekani kunyamaza. Hata dereva alivuta, akiimba maneno asiyoyajua. Mimi nilivuta nyuma kabisa, ambako hesabu hazihitajiki. Jahazi liliingia majini likaelea bila kunywa hata kikombe, na yule fundi aliinama akalichungulia kwa ndani muda mrefu, akatafuta pa kuvuja, akakosa.

Nilikumbuka kuwa hatukupika. Mjomba hakutarajia wageni. Nilikwenda mbio nyumbani kumwambia mkaza mjomba, nikakuta uani masufuria matatu ya kuazima, pilau inashuka jikoni.

"Ulijuaje?" nilimwuliza.

"Tangu juzi nimechagua mtele," alisema. "Wewe waamini chuma. Mimi namjua mume wangu." Kisha akaniambia nichote maji ya mvua, ya wageni kunywa.

Muhula uliofuata mhadhiri alikigusia kile kizibo cha risasi kwa sentensi moja, kati ya mada mbili kubwa. Wenzangu waliandika. Mimi niliinua mkono nikauliza mtu afanye nini kikianza kuvuja. Alinitazama kama anayepoteza wakati, akasema, "Unamwita mwenye mashine." Mwaka mmoja baadaye niliacha uhandisi nikahamia masomo ya lugha, na kwa miaka mingi nimewaambia watu kuwa ilikuwa ni kwa mapenzi ya maneno.

Mjomba aliendelea kuunda vyombo mpaka macho yalipomshinda. Lakini tangu mwaka ule, alipoitwa kutengeneza chombo cha mtu na kukuta tundu, dogo au kubwa, hakutia pamba mara moja. Alitoa kichwa nje akawaita waliokuwapo, nahodha, mabaharia, hata mpishi:

"Tundu hili la nani?"

Akangoja jibu kwanza.